Usiiamini elektrodi ya nitriki oksaidi kabla hujaipima kwa nitriti

Elektrodi ya nitriki oksaidi haikusomei nanomola za gesi hiyo, inakusomea pikoampia, yaani mkondo mdogo mno wa umeme. Kuzigeuza pikoampia kuwa kiasi cha gesi ni kazi yako, nami huifanya kila asubuhi kabla sijagusa seli hata moja.

Usiku wa kuamkia kipimo naiacha elektrodi kwenye maji ya chumvi, mashine imewashwa, mpaka mkondo utulie. Ukiliharakisha hili, kutwa utafukuzana na mstari unaoshuka wenyewe.

Asubuhi napima miligramu 69 za sodiamu nitriti, naziyeyusha nipate mililita 100: hapo nina milimola 10 kwa lita. Naizimua mara 100, iwe mikromola 100. Hii iliyozimuliwa naitengeneza siku hiyohiyo.

Kwenye bika natia mililita 20 za mmumunyo wenye potasiamu ayodaidi mola 0.1 na asidi ya salfuriki mola 0.1, sumaku ikikoroga polepole bila kubadilishwa mwendo. Humo kila molekuli ya nitriti huzaa molekuli moja ya nitriki oksaidi, kwa hiyo huhitaji mtungi wa gesi. Dondosha mikrolita 20 za nitriti iliyozimuliwa, umeongeza nanomola 100 kwa lita. Mstari utapanda, utasimama, kisha utaanza kushuka taratibu: gesi nyingine inatorokea hewani, nyingine inaliwa na oksijeni. Soma pale juu uliposimama, usingoje. Tia 40, halafu 80. Kila kidato kiwe na kimo maradufu ya kilichotangulia.

Angalia sana: njia hii ni ya elektrodi iliyofunikwa kwa utando unaopitisha gesi tu. Ukichovya elektrodi ya uzi wa kaboni isiyo na utando huo, ayodini inayozaliwa humo nayo itatoa mkondo, na utasoma uongo. Kwa uzi wa kaboni tumia SNAP, kemikali inayoachia nitriki oksaidi, pamoja na chumvi ya shaba.

Utando wenyewe nauonja kwanza kwa nitriti ndani ya bafa tupu, isiyo na asidi. Mstari usitikisike. Siku moja wangu uliruka papo hapo. Nikauweka chini ya lenzi nikaona tundu dogo pembeni, kama limechomwa na ncha ya sindano. Nikauvua, nikavika mwingine.

Kilichoniumiza zaidi ni joto. Mwaka wangu wa kwanza nilipima nitriti kwenye nyuzi 22, seli nikazipima kwenye nyuzi 37. Wiki mbili za namba nzuri nikazifuta zote, kwa sababu elektrodi ikipata joto husoma zaidi kwa gesi ileile. Sasa vyombo vyote viwili vinakaa kwenye beseni moja la maji ya nyuzi 37, kipimajoto ndani, na kiyoyozi nimekigeuzia ukutani.

Mteremko wa kila siku, yaani pikoampia ngapi kwa kila nanomola, uandike daftarini. Ukipungua hadi nusu ya ule wa siku ulipovika utando, badilisha utando pamoja na maji yake ya ndani.