Kitufe cha "Lipa" kina hali tano

Natengeneza programu ya kuagizia samaki kutoka Dunga, hapa Kisumu. Mteja akichagua gorogoro mbili za omena na kubofya "Lipa", ombi la M-Pesa linamjia kwenye simu aweke PIN. Kabla jibu halijafika kwenye seva yangu, skrini imwambie nini? Wengi wetu huweka kiduara kinachozunguka, tukaenda zetu kunywa chai.

Kwanza tupa vile vigezo vya ndiyo na hapana: inapakia, ina kosa, imekamilika. Vitatu vinazaa michanganyiko minane, na mingi haina maana. Weka hali moja kwa wakati mmoja. Lugha ya programu ya Kotlin ina sealed class, yaani orodha ya aina iliyofungwa isiyoongezwa kwingine, na Dart nayo tangu toleo la 3, mwaka 2023. Mimi nina Tulivu (kabla ya kubofya), Inatumwa, Imelipwa, Imekataliwa na Haijulikani. Ukisahau kuchora mojawapo, kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, inagoma. Inaudhi, lakini heri iniudhi mimi kuliko mteja.

Tulivu na Imelipwa hazina shida. Kwenye Inatumwa, zima kitufe papo hapo na uandike "Angalia simu yako, weka PIN". "Tafadhali subiri" haimsaidii mtu. Imekataliwa ibebe sababu yake, kwa namba ya jibu inayotoka M-Pesa: 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja mwenyewe ameghairi. Aliyeghairi kwa hiari yake usimpigie kelele za maandishi mekundu. Mrudishie kitufe, basi.

Kazi iko kwenye Haijulikani. Ombi la PIN halipiti kwenye data, kwa hiyo bando laweza kumwishia mteja na pesa zikatoka vilevile, programu yako isijue lolote. Ukimwambia "Malipo yameshindikana" atalipa mara ya pili, na utamrudishia wewe. Andika "Tunathibitisha malipo, usilipe tena", kisha seva iulize hali ya muamala kwa CheckoutRequestID, namba ya utambulisho uliyopewa na M-Pesa ombi lilipokubaliwa. Ihifadhi namba hiyo kwenye simu pia, kwani Android huweza kuifunga programu iliyoachwa nyuma. Mteja akiifungua tena, isome namba na uendelee pale pale.

Ukitaka kujaribu, lipa shilingi moja na uzime data kabla ya kuweka PIN. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia na skrini ikabaki kwenye Inatumwa bila kubadilika kamwe, muda wako wa kusubiri haujawekewa kikomo. Uweke, halafu washa data uone kama Imelipwa inatokea bila kubofya chochote.