Paka Mzee Anapoanza Kukojoa Nje ya Sanduku la Mchanga

Paka akishatumia sanduku la mchanga kwa miaka mingi, kisha mkojo wake ukaanza kukutwa kwenye zulia au kitandani, wenye nyumba wengi hudhani kwamba amekuwa mkaidi au analipiza kisasi. Dhana hiyo humdhuru mnyama, kwa sababu humchelewesha kufika kwa daktari. Kwa paka aliyevuka umri wa miaka 10, badiliko la namna hii lichukuliwe kuwa dalili ya maradhi au maumivu hadi uchunguzi utakapoonyesha vinginevyo.

Lipo jambo moja lisilongoja hata hadi kesho. Paka anayeingia na kutoka sandukuni kila mara, anayechuchumaa na kujikamua huku mkojo hautoki au unatoka matone tu, au anayelia anapokojoa, apelekwe kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo, hasa akiwa dume. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba na huweza kuzibwa na fuwele, vijiwe au ute. Ukiziba kabisa, sumu hujaa katika damu na moyo huathirika, na paka huweza kufa katika muda wa siku chache tu.

Kama hali si ya dharura, mwone daktari mapema, lakini usiende mikono mitupu. Angalia anakojoa wapi, saa ngapi, na mkojo ni mwingi au kidogo. Tazama pia anavyosimama: paka anayekojoa kwa kawaida huchuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni, ilhali anayetia alama ya mipaka yake husimama, huinua mkia unaotetemeka na kurusha mkojo kidogo ukutani. Mambo haya mawili yana sababu tofauti, na daktari atataka kujua ni lipi unaloliona. Pima vilevile maji anayokunywa, kwa kumwekea kiasi unachokijua na kupima yaliyobaki baada ya saa 24. Paka anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ana kasoro inayohitaji kutafutwa.

Kwa kawaida daktari atapima mkojo, damu na shinikizo la damu. Ugonjwa sugu wa figo huwapata paka wengi wazee: figo zilizodhoofika hushindwa kubakiza maji mwilini, mkojo huwa mwingi na mwepesi, na kibofu hujaa upesi kuliko mnyama anavyoweza kulifikia sanduku. Kisukari huleta kiu na mkojo mwingi vivyo hivyo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humfanya paka ale sana huku akikonda, ahangaike na kulia usiku. Maambukizi ya kibofu, ambayo ni nadra kwa paka vijana, huongezeka uzeeni. Yote haya yana matibabu au namna ya kuyatuliza, na mara nyingine tatizo la mkojo hupungua sana pindi ugonjwa unapodhibitiwa. Nasisitiza mambo mawili: usimnyime maji kwa matumaini kwamba atakojoa kidogo, kwani mwenye figo dhaifu hukaukiwa haraka, na usimpe dawa za binadamu za kutuliza maumivu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumuua paka.

Sababu inayopuuzwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni maumivu ya viungo. Paka huficha maumivu kwa ustadi mkubwa, na wengi hawachechemei hata pale nyonga na uti wa mgongo vinapokuwa vimelika. Dalili zake ni za kimyakimya: haruki tena dirishani, husita mbele ya ngazi, kucha zake zimerefuka, na manyoya ya mgongoni yamesokotana kwa kuwa hawezi kujipinda na kujilamba. Kwa mnyama huyu, ukingo wa sanduku ni ukuta. Wengine huingiza miguu ya mbele tu, wakadhani wamefika, na mkojo ukamwagika nje. Wengine hawawezi tena kuchuchumaa hadi chini, hivyo mkojo hupita juu ya ukingo. Ukikuta dimbwi kando ya sanduku, fikiria viungo kabla ya kitu kingine.

Mtengenezee sanduku linaloufaa mwili wake. Chukua chombo kipana cha plastiki, chenye urefu wa mara moja na nusu ya paka kutoka puani hadi mwanzo wa mkia, ukate mlango upande mmoja hadi ubaki ukingo wa sentimita 8 au chini ya hapo, kisha ulainishe makali yaliyokatwa kwa msasa. Kuta nyingine ziache ndefu ili zizuie mkojo wa paka asiyeweza kushuka. Mchanga uwe laini, wa chembe ndogo, usiotiwa manukato, na kina chake kiwe sentimita 3 hadi 5, kwa maana mchanga mwingi huyumbisha miguu dhaifu. Mabonge ya mchanga uliolowa mkojo yaondolewe angalau mara mbili kwa siku, maana mkojo ni mwingi kuliko zamani. Usiliondoe sanduku la zamani ghafla. Yaweke yote mawili pamoja hadi uone analolipenda.

Idadi ya masanduku iwe sawa na idadi ya paka, kisha uongeze moja, na kila ghorofa liwepo lake. Mahali pawe patulivu, mbali na chakula, na njia ya kupafikia isiwe ile ambayo paka mwingine hukaa akimvizia. Taa ndogo ya usiku humsaidia sana ambaye macho yamefifia. Kama amejichagulia kona fulani, weka sanduku hapo hapo. Akishalizoea, lisogeze kidogo kidogo kila siku kuelekea unakotaka.

Usafi wa mahali palipokojolewa una uzito wake, kwa sababu harufu iliyobaki humrudisha papo hapo. Nyonya mkojo kwa kitambaa, kisha utumie dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya (enzaimu zinazovunjavunja mabaki ya mkojo), na uiache iloweshe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ikifika hadi chini ya zulia. Madoa ya zamani huonekana kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) chumba kikiwa giza. Epuka dawa zenye amonia, ambazo paka huzinusa kama mkojo, wala usimwagie mkojo dawa ya klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Usimpige, usimfokee, wala usimsugue pua kwenye mkojo. Hofu humfundisha kujificha anapokojoa, na msongo wenyewe huweza kuchochea uvimbe wa kibofu. Paka ambaye akili yake imechoka kwa uzee, anayezunguka usiku akilia au anayesimama kama aliyepotea, husaidiwa zaidi na nafasi ndogo yenye kitanda, maji na sanduku karibu karibu, pamoja na ratiba isiyobadilika.

Wapo watakaoendelea kukosea mara moja moja hata baada ya juhudi zote. Hao watandikie vitambaa vinavyofulika au pedi za kunyonya maji kuzunguka sanduku, ufunike godoro kwa kifuniko kisichopitisha maji, na mwenye manyoya marefu umpunguzie nywele za nyuma na kumsafisha kwa maji vuguvugu ili ngozi isiungue kwa mkojo. Mpime uzito kila mwezi na umrudishe kwa daktari kila baada ya miezi sita, au mapema zaidi ukiona kiu imeongezeka au uzito umeshuka.