Somo: Dinosaria mdogo, mtoto au kibete wa kisiwani? Hatua za kumtambua

Wakuu, habari zenu. Mtu akionyeshwa mfupa wa paja wa dinosaria wenye urefu wa nusu mita, neno la kwanza litakuwa "huyu alikuwa mdogo". Sawa, lakini mdogo kwa sababu gani? Huenda alikuwa mtoto. Huenda jamii yake ni ndogo tangu asili. Au ukoo wake ulikuwa wa majitu, ukakwama kisiwani, ukapungua kizazi baada ya kizazi. Mfupa ukiutazama kwa macho tu hautakwambia ni lipi kati ya hayo matatu. Ndiyo maana nimeandika somo hili.

Mfano wetu mkuu ni bonde la Haţeg, Transylvania, nchini Romania. Mwaka 1895 msichana aitwaye Ilona Nopcsa aliokota mifupa kwenye ardhi ya familia yao karibu na kijiji ambacho leo kinaitwa Sânpetru. Kaka yake Franz, mtoto wa baroni aliyezaliwa mwaka 1877, aliipeleka Vienna kuuliza ni mifupa ya nini, na tangu hapo hakuiacha taaluma hiyo. (Maisha ya huyu bwana ni sinema: alifanya ujasusi Albania na akajipendekeza kuwa mfalme wa nchi hiyo. Mwisho wake Vienna mwaka 1933 ulikuwa wa damu. Tuyaache.) Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa ameshatoa hoja kwamba dinosaria wa Haţeg ni wadogo kwa sababu waliishi kisiwani.

HATUA YA 1: Soma mwamba kabla ya mfupa

Usiseme "kisiwa" kwa sababu umeona mnyama mdogo, halafu ukasema mnyama ni mdogo kwa sababu ya kisiwa. Huko ni kuzunguka mbuyu. Kisiwa kithibitishwe na mawe.

Mwishoni mwa kipindi cha Kretasia, kati ya miaka milioni 72 na 66 iliyopita, bahari ilikuwa juu sana na sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa chini ya maji, visiwa vimetapakaa huku na huko. Miamba ya Haţeg yenye mifupa ni mashapo ya mito, udongo mwekundu wa nchi kavu wenye vinundu vya chokaa, na majivu ya volkano. Ukitoka nje ya eneo hilo unakutana na miamba ya bahari ya umri huohuo. Kwa makadirio yanayotumika sana, kisiwa kilikuwa na kilometa za mraba 80,000 hivi, karibu mara 30 ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Kwa hiyo msifikirie kijisiwa cha minazi mitano.

HATUA YA 2: Hakikisha mnyama alikuwa mtu mzima

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo iliyomaliza ubishi wa Haţeg.

Mnyama anayehusika ni Magyarosaurus, dinosaria wa shingo ndefu wa kundi la titanosaria. Ndugu zake wa bara walifika mita 15, wengine zaidi ya 25. Yeye alikuwa na mita 6 hivi na uzito usiofika tani moja. Baadhi ya wataalamu walipinga kwa hoja nzito: Haţeg kuna pia mifupa mikubwa michache, basi hii midogo ni ya watoto tu wa hao wakubwa. Ungewajibu nini? Kwa macho, huna jibu.

Jibu liko ndani ya mfupa. Unachagua mfupa mrefu, paja au mkono, na unakata katikati yake, maana hapo ndipo kumbukumbu ya ukuaji imehifadhiwa vizuri zaidi. Kipande kinazamishwa kwenye resini (gundi inayoganda ikawa ngumu) kisivunjike, kinakatwa kwa msumeno wa almasi, kinabandikwa kwenye kioo, kisha kinasagwa taratibu kwa unga wa kusagia mpaka kinakuwa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Unene wake hapo ni chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Ukisaga kidogo mno, chini ya hadubini unaona giza. Ukizidisha, kipande kimeisha na mfupa wako umepotea bure.

Kwenye hadubini unatafuta mambo matatu. La kwanza ni mfupa uliojengwa haraka: nyuzi zimekaa ovyo na mishipa ya damu imejaa kila mahali. Huyo bado anakua, ni mtoto au kijana. La pili ni duara dogodogo zilizojengwa juu ya mfupa wa zamani, moja ikikata nyingine. Hizo ni alama za mfupa uliobomolewa na kujengwa upya mara nyingi, na hilo huchukua muda. La tatu liko ukingoni kabisa, upande wa nje: mistari iliyobanana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ukiiona hiyo, mnyama alikuwa amemaliza kurefuka kabla hajafa.

Matokeo ya Magyarosaurus yalitoka mwaka 2010. Mifupa ilikuwa imejengwa upya karibu yote, hata ile midogo kabisa. Hao hawakuwa watoto.

Mfano wa pili ni safi zaidi, na binafsi naupenda kuliko wa Haţeg. Kwenye machimbo ya chokaa ya Langenberg karibu na Goslar, Ujerumani, ilipatikana mifupa ya Europasaurus holgeri wa umri tofautitofauti, kuanzia mwenye mita 1.7 hadi mwenye mita 6.2. Huyu ni wa mwisho wa Jurasiki, miaka milioni 154 hivi iliyopita, na jina lake lilitangazwa mwaka 2006. Wale wakubwa wana mistari ile ya ukingoni, wadogo hawana. Yaani unaiona familia nzima, na unaona dari lao lilikuwa wapi. Mfupa unaonyesha pia jinsi walivyopungua: kasi ya ukuaji ilishuka kuliko ya ndugu zao wakubwa.

HATUA YA 3: Mlinganishe na ndugu zake

Kibete ni kibete ukimlinganisha na ukoo wake. Kama babu yake naye alikuwa mdogo, kisiwa hakijamfanya kitu. Kwa Magyarosaurus na Europasaurus hakuna shida, koo zao zimejaa majitu. Telmatosaurus wa Haţeg, wa jamii pana ya wenye mdomo wa bata, alikuwa na mita 5 hivi wakati wengi wa jamii hiyo kwingineko walizidi mita 7. Lakini Zalmoxes, mla majani mwingine wa hapohapo, ana utata, kwa kuwa ndugu zake wa karibu nao hawakuwa wakubwa sana. Mimi simweki kwenye orodha ya vibete.

HATUA YA 4: Hesabu jirani, na waliokosekana

Kisiwa hubadilisha mtaa mzima. Haţeg hakuna mifupa ya dinosaria wakubwa wanaokula nyama, wa aina ya Tyrannosaurus. Kuna Balaur bondoc, mwenye makucha mawili ya mundu kwenye kila mguu badala ya moja, ambaye watafiti wengine wanamhesabu kuwa ndege aliyeacha kuruka. Kuna kobe Kallokibotion, kuna mamba wadogo, kuna wanyama wadogo wanyonyeshao wa kundi ambalo lilistawi hasa huko.

Halafu kuna Hatzegopteryx, aliyetangazwa mwaka 2002, mtambazi arukaye ambaye mabawa yake yanakadiriwa kufika mita 10 au zaidi toka ncha hadi ncha. Wengi wa ukoo wake walikuwa na shingo ndefu nyembamba. Pingili yake ya shingo ni nene na fupi, yenye nguvu. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba nafasi ya mwindaji mkubwa ilikuwa wazi, naye akaichukua: anatua, anatembea kwa miguu minne, anaokota chochote kinachoenea mdomoni, watoto wa dinosaria wakiwemo.

HATUA YA 5: Jihadhari na mifupa iliyosafiri na iliyochanganyika

Mifupa ya Europasaurus imo kwenye chokaa ya bahari. Haina maana waliishi majini, ila mizoga ilisombwa kutoka nchi kavu ya jirani. Na ukipanda juu kidogo kwenye tabaka za Langenberg unakuta nyayo za wala nyama wakubwa. Watafiti wanadhani bahari ilishuka, njia ikafunguka, na wageni wakaingia. Kwa hiyo tabaka moja likionyesha kisiwa, usilidhamini la juu yake.

Haţeg nako kumezuka jambo. Mwaka 2025 mifupa ya titanosaria wa huko ilichambuliwa upya, na kati ya majina mapya limo Uriash kadici, mnyama wa mita 12 hivi aliyeishi nchi moja na vibete. Kwa hiyo ile mifupa mikubwa iliyoleta ubishi haikuwa ya wazazi wa wale wadogo, ilikuwa ya jamii nyingine. Kwamba kila mkubwa akifika kisiwani lazima apungue, hilo tuliondoe vichwani.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa darsa. Kwani kupungua kuna faida gani? Mimi naona mkubwa ndiyo anajilinda vizuri.

Jibu: Anajilinda dhidi ya nani, ndugu yangu? Adui mkubwa akikosekana, mwili wa tani 30 unabaki kuwa gharama tu. Malisho ya kisiwa yana kikomo. Eneo linaloweza kulisha majitu 50 linaweza kulisha vibete mamia, na kundi la wanyama 50 ukame mmoja unaweza kulifuta. Kuna wanaoongeza kwamba anayeacha kukua mapema huzaa mapema.

Swali: Shikamoo mwalimu. Natoka Lindi. Tendaguru tuna dinosaria wakubwa na inasemekana kulikuwa na bahari. Mbona hawakupungua?

Jibu: Marahaba. Bahari ilikuwepo, ila Tendaguru ilikuwa pwani ya bara kubwa. Wanyama waliweza kuingia ndani na kurudi kwa misimu, hakuna aliyefungiwa. Giraffatitan wa huko, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, ana mfupa wa mkono wa juu peke yake wenye mita 2.13. Europasaurus anawekwa na wengi kwenye ukoo huohuo, na umri wao haupishani sana. Na kuna kitu hakisemwi vya kutosha: mwaka 2000 Mjerumani Martin Sander alichapisha utafiti wa ndani ya mifupa mirefu ya dinosaria wa Tendaguru. Kwa hiyo Europasaurus alipoletwa mezani miaka michache baadaye, kipimo cha jinsi jitu la kawaida linavyokua kilikuwa tayari, na kilitoka Lindi.

Swali: Kukata mfupa si kuuharibu? Makumbusho gani itakubali?

Jibu: Swali zuri. Sander hakukata mifupa ile ya Tendaguru vipande, aliitoboa kwa keekee na kutoa kijiti chembamba cha mfupa, na tundu likazibwa. Kabla ya kugusa kitu unapiga picha, unapima, na ikiwezekana unatengeneza nakala. Na kwa kawaida huanzi na mfupa ulio peke yake duniani.

Swali: Na chui wa Unguja? Wazee wanasema alikuwa mdogo kuliko wa bara. Naye kibete wa kisiwani?

Jibu: Ngozi chache zilizopo zinaelezwa kuwa za chui mdogo mwenye madoa yaliyomegeka zaidi, kwa hiyo wazee wana hoja. Lakini pitisha hatua zetu. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, na Unguja ilikuwa imeungana na bara hadi bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu. Muda wa kujitenga ni mfupi na vielelezo ni vichache, kwa hiyo mimi naishia kwenye "inawezekana". Ukitaka kisiwa kilichojitenga kweli, nenda Pemba. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na popo mkubwa wa Pemba ni wa jenasi (kundi la jamii zenye undugu wa karibu) ambayo bara la Afrika haimo kabisa, ndugu zake wako Madagaska, Komoro na kuelekea Asia. Na Madagaska penyewe kulikuwa na viboko vibete mpaka juzijuzi kwa kalenda ya miamba.

Swali: Sasa hao wa Haţeg walifikaje kisiwani?

Jibu: Warukao waliruka. Wengine huenda walikuwepo ardhi ikiwa imeungana, bahari ikawakatia njia. Wadogo kama mijusi huweza kuvuka juu ya magogo na vichaka vilivyosombwa na mafuriko. Kuogelea nako kusidharauliwe, tembo wa leo huvuka maji mapana bila taabu.

Swali: Nikiokota kitu kama mfupa wa jiwe huku kijijini nifanye nini? Nikikate?

Jibu: Hapana! Usiung'oe hata. Weka rula au sarafu kando yake, piga picha kwa karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mlima au mti, chukua alama ya eneo kwenye simu. Ukiuondoa, hatua ya 1 imekufa, kwa kuwa hatutajua ulitoka tabaka gani. Kisha toa taarifa: Tanzania ni Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, Kenya ni Makumbusho ya Kitaifa. Mambo haya yana sheria zake nchi zote mbili, kwa hiyo usiuuze wala usimpe mgeni akuhifadhie.