Somo: Jua sensa itafika wapi kabla hujasimamisha mlingoti

Ninaweka sensa za unyevu wa udongo kwenye mashamba ya kahawa na migomba huku Mbale, Uganda. Shamba la kwanza nilisimamisha mlingoti wa antena kabla ya kupiga hesabu, na nusu ya sensa hazikusikika kabisa. Mkulima alikuwa ameshalipa, na iliniuma sana. Tangu siku hiyo ninaanza na kalamu. Mfano wetu ni LoRa, redio ya kurusha data kidogo mbali kwa nguvu ndogo, ya megahezi 868, sensa ikiwa kilomita 4 kutoka kwenye kipokezi.

Hatua ya 1. Chukua nguvu ya kurusha, dBm 14 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; kuongezeka na kupotea kwake huhesabiwa kwa desibeli). Jumlisha desibeli 2 za antena ya sensa na 5 za antena ya kipokezi, toa 2 zinazoliwa na waya. Una 19.

Hatua ya 2. Upotevu wa hewani ni 32.44 + 20 log (logi ya msingi wa 10) ya kilomita + 20 log ya megahezi. Hapa inatoka desibeli 103, kwa hiyo umebaki na −84. Umbali ukiwa maradufu, hewani unapoteza 6 tu. Kinachoua mawimbi ni kile kilichosimama katikati.

Hatua ya 3. Angalia ardhi. Data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa kutoka angani mwaka 2000, ni za bure, na programu ya Radio Mobile inazisoma. Kuona kipokezi kwa macho hakutoshi: mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka mstari wa kuonana, yaani ukanda wa Fresnel. Katikati ya kilomita 4 ukanda huo una nusu kipenyo cha karibu mita 19. Asilimia 60 yake, mita 11, iwe wazi. Mgongo wa kilima ukigusa tu mstari, toa 6.

Hatua ya 4. Mimea. Kanuni ya Weissberger, ya kukadiria upotevu ndani ya miti, inatoa desibeli 13 kwa mita 50 za miti, na 19 kwa mita 100. Lakini ilitungwa kwa miti mikavu ya nchi za baridi, na mgomba ni maji. Pita kati ya migomba baada ya mvua ya alasiri, shati litalowa mpaka kiunoni. Mawimbi nayo yanapita humohumo. Kwa mita 50 tumefika −97.

Hatua ya 5. Nenda ukapime. Usiiruke hii hata mkulima akikuharakisha. Rusha pakiti (vifurushi vya data) 100 kila kituo, asubuhi kukiwa kukavu na tena baada ya mvua, uandike zilizofika na nguvu zake. Mimi baada ya mvua nilipata −109, pungufu ya hesabu kwa 12. Hizo 12 sasa naziingiza kwenye kila shamba la migomba. Kwa SF7, mpangilio wa LoRa unaorusha haraka (SF12 ndio wa polepole unaosikika mbali zaidi), kipokezi husikia hadi karibu −123, kwa hiyo akiba ni 14. Ikishuka chini ya 10, sifungi sensa hapo.

MASWALI

Mwalimu, niko Kampala. Modeli ya Hata, ile ya kukadiria upotevu wa mawimbi mijini, inafaa?

Kwa kiasi, ndugu yangu. Masaharu Hata aliitoa mwaka 1980 kutokana na vipimo ambavyo mwenzake Okumura alivifanya Tokyo, na inataka antena ya kituo iwe mita 30 hadi 200 juu. Paa la ghorofa mbili halifiki huko. Tena Kampala ni vilima na mabonde. Sensa iliyo Bwaise haionani na kila kilima. Anza na hatua ya 3.

Nikitumia SF12 si nitafika bila mlingoti?

Utaongeza kama desibeli 14, ni kweli. Ila pakiti ya baiti 20 itakaa hewani zaidi ya sekunde 1, wakati kwa SF7 haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Betri itaisha mapema, na sensa zikiwa nyingi zitagongana. Inua antena kwanza.

Niinue kiasi gani, fundi?

Ipite majani ya mgomba mrefu kuliko yote, na uhesabu kwamba utaendelea kukua. Kwangu bomba la chuma la mita 6 lilitosha, limefungwa kwa waya pande tatu ili upepo usilitikise.