Namna ya Kupima Kani, Tungamo na Inesha kwa Rikwama na Gunia

Mwanafunzi anaweza kukariri kanuni tatu za mwendo za Isaac Newton, zilizochapishwa mwaka 1687, akafaulu mtihani, na bado moyoni akaamini kwamba kitu hakiendi ila kikisukumwa muda wote. Imani hiyo si ujinga, kwani kila anachokiona mtaani kinaithibitisha: hamali wa soko la Darajani, Unguja, akiacha kusukuma, rikwama lake husimama. Kinacholisimamisha ni msuguano wa ekseli na wa magurudumu juu ya barabara. Kwa hiyo mwalimu wa skuli anayetaka wanafunzi wake waione kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ikifanya kazi aanze kwa kuupima msuguano huo, ili autoe katika hesabu.

Tafuta rikwama lenye magurudumu yaliyojazwa upepo vizuri, magunia matatu ya mchele ya kilo 50 kila moja, kamba, saa ya kuhesabu sekunde, na mizani ya springi ya kuning'iniza, kama ile wanayopimia samaki. Tafuta pia sakafu ya saruji iliyo sawa, yenye urefu wa mita 10 hivi. Weka gololi juu yake. Ikibingirika yenyewe, hapo hapafai. Njia inayopanda kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, kwa mfano, haifai kabisa kwa jaribio hili, kwa sababu mteremko utaingiza uvutano wa dunia katika kila kipimo.

Pakia gunia moja, funga kamba mbele ya rikwama, kisha vuta kwa kupitia mizani iliyolazwa, ukiwa umekwisha kuhakikisha kwamba mshale wake unasoma sifuri ikiwa imelala. Vuta mpaka rikwama litembee kwa kasi isiyobadilika, halafu soma mizani. Kilo moja ya mizani ni sawa na kani ya nyutoni 9.8 (nyutoni ndiyo kipimo cha kani), lakini kwa hesabu za darasani 10 zinatosha. Tuseme mizani imesoma kilo 3: msuguano ni nyutoni 30. Kwa kuwa kasi haibadiliki, kani unayoitoa na msuguano vinalingana, na jumla ya kani zote juu ya rikwama ni sifuri. Wanafunzi wengi hulikataa jambo hili mara ya kwanza, nami naona ni afadhali kubishana nao hapo kwa muda mrefu kuliko kukimbilia hatua inayofuata.

Sasa anza tena rikwama likiwa limesimama, na uvute mizani ikisoma kilo 8 bila kushuka. Hapa ndipo jaribio linapoharibika mara nyingi: kadiri rikwama linavyozidi kasi, mvutaji naye hana budi kuzidisha hatua zake, la sivyo kamba hulegea na mshale huanguka. Mpe kazi hiyo kijana mwepesi, na umwache afanye mazoezi kwanza. Ikiwa rikwama tupu lina kilo 50, tungamo lote, yaani wingi wa maada, pamoja na gunia ni kilo 100. Kati ya nyutoni 80 anazovuta, 30 zinakwenda kwenye msuguano na 50 zinabaki. Gawa kani hiyo ya 50 kwa tungamo la 100, upate mchapuko, yaani kiasi kasi inavyoongezeka kila sekunde, wa mita 0.5 kwa sekunde kwa sekunde. Maana yake ni kwamba baada ya sekunde 4 rikwama litakuwa limekwenda mita 4, na kasi yake itakuwa mita 2 kwa sekunde. Pima kwa utepe na saa. Hamtapata jawabu hilo hasa, ila mtalikaribia.

Kisha ongeza magunia mawili, tungamo liwe kilo 200. Usisahau kuupima msuguano upya, kwani mzigo ukiongezeka nao huongezeka. Ukifika nyutoni 60, basi vuta kwa nyutoni 110 ili zibaki 50 zilezile. Mchapuko sasa ni nusu ya ule wa kwanza, na katika sekunde 4 rikwama litakwenda mita 2 tu. Kani iliyobaki haikubadilika. Kilichobadilika ni tungamo, na ukaidi huu wa tungamo dhidi ya kila badiliko la mwendo ndio inesha. Ni ukaidi uleule unaomtupa mbele abiria wa daladala dereva anapofunga breki: hakuna kinachomsukuma, ila mwili wake unaendelea na kasi uliyokuwa nayo.

Jambo lililobaki, ambalo rikwama haliwezi kulionyesha vizuri, ni kwamba inesha si uzito. Kwa hilo wapeleke wanafunzi gatini maji yakiwa shwari. Dau lenye tani 3 linaloelea limebebwa na maji, na mtu mmoja huweza kulisogeza polepole kwa mkono, jambo linalowadanganya wengi kuwa ni jepesi. Likija gatini kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde, mtu anayelizuia kwa kani ya nyutoni 300 atahitaji sekunde 5 kulisimamisha, na katika sekunde hizo litakuwa limesogea mita 1.25. Asiyekuwa na nafasi hiyo nyuma yake atabanwa. Kwa hiyo wakatazeni watoto kabisa kutia mguu au mkono kati ya chombo na ukuta, hata chombo kikija taratibu namna gani.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kazi ya matairi makuukuu yanayotundikwa ubavuni mwa gati. Dau hilo likigonga ukuta na kusimama ndani ya sentimita 1, wastani wa kani ya mgongano ni nyutoni 37,500, na mbao hupasuka. Likigonga tairi linalobonyea sentimita 15, tungamo ni lilelile na kasi ni ileile, lakini kani hushuka hadi nyutoni 2,500.