Mgonjwa anaharisha damu: sampuli ifike maabara ya rufaa ikiwa bado inasema kitu

Mtu akija anaharisha damu, hasa mtoto wa chini ya miaka 5, fikiria mapema wale E. coli wanaotoa sumu ya Shiga, na hapo choo kichukuliwe kabla ya antibayotiki. Dawa ikitangulia, ukiotesha unaweza usipate kitu, halafu kwa bakteria hawa antibayotiki inaweza kuwachochea watoe sumu zaidi, na sumu ikifika kwenye figo ndo unaona mtoto amepauka, amevimba, hakojoi. Hiyo hutokea kama wiki moja hivi tangu aanze kuharisha, kwa hiyo muda ni mdogo kweli.

Chota choo chenyewe, pale penye damu au ute, weka kwenye kikopo safi ukaze mfuniko. Kama hakitafika maabara ndani ya saa 2, chovya swabu uitumbukize kwenye Cary-Blair, kile chombo chenye kitu cha kuhifadhi bakteria njiani, na uiweke kwenye ubaridi.

Sasa kosa ninaloliona kila mara ni hili: watu wanaotesha pleti moja ya sorbitol MacConkey, yenye sukari iitwayo sorbitol, wanatafuta koloni zisizo na rangi kwa sababu O157, aina inayojulikana zaidi ya E. coli hawa, kwa kawaida hachachui sorbitol, wakikuta zote ni pinki wanaandika hakuna kitu na kikopo kinatupwa. Jamani! Aina nyingine nyingi tu zenye sumu hii zinachachua sorbitol, kwenye pleti ziko pinki sawasawa na E. coli wa kawaida wa tumboni. Ule mlipuko wa Ujerumani mwaka 2011 ulikuwa wa O104:H4, aina nyingine ya E. coli hawa, waliugua watu zaidi ya 3,800 na zaidi ya 50 wakafa, na bakteria huyo anachachua sorbitol vizuri kabisa.

Kwa hiyo pamoja na pleti, tia choo kidogo kwenye brothi, yaani maji yenye chakula cha bakteria, kilale kwenye inkubeta nyuzi 35 hadi 37 mpaka kesho yake, ndo upime sumu yenyewe au jeni zake, stx1 na stx2. Ukipima sumu kwenye choo moja kwa moja inaweza kuwa kidogo mno kipimo kisiione.

Sumu ikionekana, tuma. Una koloni, tuma koloni, huna, tuma brothi ilivyo, usikae wiki nzima unahangaika kuotesha upya, maana jeni za sumu zimebebwa na virusi waliojificha ndani ya bakteria na kila ukiotesha tena zinaweza kupotea, mwisho unatuma bakteria ambaye sumu hana. Kule rufaa watatafuta serotaipu, yaani ni aina ipi kama O157 au O104, wataangalia stx2 ni ya aina gani maana stx2a ndo inaongoza kwa kuharibu figo, halafu wasome jenomu nzima, yaani jeni zote za bakteria, waone kama mgonjwa wako na wengine walio mbali chanzo chao ni kimoja.

Kufunga ni tabaka 3, chombo kisichovuja, chombo cha pili chenye kitu cha kunyonya, boksi gumu nje. Choo kinaenda kama UN3373, namba ya kimataifa ya kusafirisha sampuli za wagonjwa, ila bakteria walioshaoteshwa wakipanda ndege ni UN2814, namba ya vimelea hatari zaidi, masharti ni makali zaidi. Kwenye fomu andika tarehe alipoanza kuumwa, siku choo kilipochukuliwa, na kama ameshameza dawa.

Na majibu ya sumu mpigie daktari siku hiyohiyo, usingoje ripoti ya rufaa, mtoto anatakiwa apewe maji na apimwe damu na figo leo.