Jinsi ya kuielewa RNA isiyotengeneza protini kwa manila, mkasi na kibanio cha nguo

Kila nikikaa na madogo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) hapa Nyakato, Mwanza, kupiga pindi ya jenetiki wanaimba vizuri kabisa DNA inatoa mRNA (nakala ya jeni inayosomwa), mRNA inatoa protini, halafu ukiwauliza RNA isiyotoa protini inafanya nini ndani ya bakteria wanajibu ni tRNA (inayobeba asidi amino) na ile ya kwenye ribosomu (mashine ya kutengeneza protini) basi. Hawajakosea, hizo zimo. Ila kuna kundi lingine la RNA fupi fupi, zinaitwa sRNA, nyingi zina herufi (A, U, G na C) 50 mpaka 500 hivi, na kazi yake kubwa ni kuishika mRNA nyingine ili isisomwe au isomwe zaidi. Hizi ukizikariri zitakutoka baada ya wiki, ukizikata kwenye karatasi zinakaa, nimeona kwa macho yangu.

Tafuta manila, rula, maka pen, mkasi, selotepu na kibanio kimoja cha nguo. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili na urefu wa sentimita 30, kila herufi ipe sentimita moja na nusu, anzia kushoto na 5' (jina la ncha ya mwanzo ya RNA) uandike UUAAGGAGGUAACAAUGCGU, mwisho kabisa weka 3' (ncha ya mwisho). Hii ndo mRNA yako, nimeitunga kwa ajili ya zoezi tu, lakini pigia mstari sehemu mbili maana hizo ni za ukweli kwa bakteria: AGGAGG, yaani mahali ribosomu inaposhika, tunapaita Shine-Dalgarno, na AUG ambapo usomaji unaanza. Chukulia ribosomu kama daladala na AGGAGG ndo kituo.

Sasa kata ukanda wa pili wa sentimita 22 na nusu, andika 5' CAUUGUUACCUCCUU 3'. Hii ndo sRNA. Jaribu kuipachika chini ya mRNA, A ikutane na U, G ikutane na C.

Hapa ndo karibu kila mtu anakwama, kwahiyo tulia. Dogo mmoja juzi aliweka kanda zote mbili 5' ikiwa kushoto, akahangaika robo saa nzima anasogeza kulia anasogeza kushoto, herufi mbili tatu zinakubali zingine zinagoma, akaniambia kaka umekosea kuandika. Sijakosea. RNA mbili zikishikana zinaelekea pande tofauti, 5' ya huyu inakaa upande wa 3' ya mwenzake, kwahiyo ukanda wa sRNA uugeuze kichwa chini, herufi zitasimama miguu juu na hiyo ni sawa kabisa, halafu anza na G ya mwisho ya AUG ikutane na C ya kwanza ya sRNA. Zote 15 zinaingia. Alivyogeuza akanyamaza, akaanza kuhesabu na kidole moja moja mpaka mwisho, na sijawahi kumsikia akikosea mwelekeo tena.

Angalia sasa mezani: AGGAGG imefunikwa, AUG imefunikwa. Ni kama lori la mchanga limepaki kwenye kituo cha daladala pale Buzuruga, magari yapo, abiria wapo, hakuna anayepanda. Protini haitengenezwi na jeni yenyewe haijaguswa. Hivyo hivyo ndivyo inavyofanya sRNA inaitwa MicF ya E. koli (bakteria wa utumboni), ile iliyoripotiwa mwaka 1984 na maabara ya Masayori Inouye kule Marekani, ina herufi 93 na inaizuia mRNA ya ompF, protini ya tundu la kwenye utando wa nje wa bakteria. Kwenye bakteria halisi usitegemee herufi 15 zikae zote bila kuruka, mara nyingi 6 mpaka 8 zinazofuatana zinatosha kuanzisha mshikano, kwahiyo kata sRNA yako uipunguze uone.

Kibanio kinasimama badala ya protini inaitwa Hfq. Bana kanda zote mbili pamoja. Sio sRNA zote zinaihitaji, ila kwa E. koli nyingi bila hiyo hazikutani vizuri na mRNA na zenyewe zinaharibika mapema.

Swali ambalo lazima ulijibu ni bakteria anapata faida gani, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni sRNA ya E. koli inaitwa RyhB, herufi 90 hivi, Eric Massé na Susan Gottesman waliielezea mwaka 2002. Units za LUKU zikibaki mbili nyumbani unafanyaje? Unachomoa pasi, unachomoa heta, unaacha taa. Bakteria akiishiwa madini ya chuma anafanya hivyo. Chuma kikiwepo, protini ya Fur inakaa kwenye DNA na kuizima jeni ya RyhB, chuma kikipungua Fur inaachia, RyhB inamwagika na kuzikamata mRNA za protini zinazokula chuma ambazo si za lazima saa hiyo, mfano saksineti dihaidrojenesi mnayoisoma kwenye mzunguko wa Krebs, na baada ya kushikana kimeng'enya RNase E kinazikatakata, RyhB nayo inaondoka humo humo. Chuma kilichobaki kinaenda kwenye kazi za muhimu. Na ni haraka, maana RNA ikishanakiliwa tu ipo kazini, haisubiri ribosomu iitengenezee protini kwanza.

Zoezi la mwisho linatuhusu sisi wa kanda ya ziwa, kipindupindu huku si habari ya kitabuni. Kata ukanda mwingine, kwenye ncha moja uandike UUUU na ncha ya pili GGAG, ukunje katikati kama pini ya nywele zikutane, kumbuka U inaweza kukaa na G pia. Bakteria wa kipindupindu ana mkunjo wa namna hii mwanzoni mwa mRNA ya toxT, msimamizi wa jeni za kuleta ugonjwa. Hii sio sRNA inayojitegemea, ni kipande kisichosomwa cha mRNA yenyewe, ila kazi ni ile ile ya kufunika kituo. Akiwa kwenye maji ya nyuzi 25 hivi mkunjo unabana. Akimezwa akafika kwenye nyuzi 37 za mwili unalegea, ribosomu inapanda. Shika ukanda wako, ufungue taratibu kwa vidole mpaka GGAG ionekane yote, halafu umwambie mwenzako aeleze kilichotokea bila kuangalia daftari.